Uzinduzi wa Kituo cha Watafuta Kazi Halisi, Mtaa wa Bomba Mbili

(Hotuba ya Ndugu Projestus Kamugisha, Mwenyekiti wa Kamati ya Muda ya Kudumu ya Utafutaji Kazi Wenye Tija, mbele ya wakazi wa Mtaa wa Bomba Mbili, Temeke. Wananchi waliambiwa wafike saa mbili asubuhi. Mwenyekiti amefika saa saba mchana, na anaanza kwa kuwapongeza kwa kujali muda.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata dharura na kuniomba mimi nimwakilishe, kwa hiyo najisalimia. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Muda ya Kudumu, ambaye pia ni mimi, na namshukuru sana kwa kunikaribisha. Makamu Mwenyekiti, shemeji yangu. Katibu, ambaye ni katibu wa kamati zote saba ninazoziongoza. Waheshimiwa wajumbe wa kamati ndogo ya itifaki, kamati ndogo ya fulana, na kamati ndogo ya chakula iliyofanya kazi usiku kucha wakati wengine tumelala. Viongozi wetu wa dini zote. Mjumbe wetu wa shina, Bibi Yuliana. Mama lishe, mafundi, na wafanyabiashara wadogo wadogo mliofunga shughuli zenu kuja kusikiliza habari za shughuli. Na kwa namna ya pekee kabisa ninyi walengwa, vijana wasio na kazi wa Bomba Mbili, bila ninyi kukosa kazi mimi leo ningekuwa nasema nini? Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi kutoka mstari wa mbele, wenye viti.)

Awali ya yote, naomba kuchukua fursa hii adhimu, ya kipekee na ya kihistoria, kuwapongeza kwa kukaa juani tangu asubuhi bila kulalamika. (Sauti kutoka nyuma: "Sie tumelalamika sana, mkubwa, ila spika ilikuwa juu!") Ahsante kwa fidibaki. Uvumilivu huo ndio mtaji wa kwanza wa mtafuta kazi, na nafurahi kuona mtaji huo mnao kwa wingi, maana mwingine siuoni.

Ndugu zangu, tuambizane ukweli. Kwa kipindi kirefu sana vijana wa mtaa huu mmekuwa mkitafuta kazi bila dira, bila mpango mkakati, bila hata kamati. Kijana anaamka alfajiri, hajapiga mswaki, anakwenda kusimama kwenye geti la kiwanda kule Chang'ombe, yeye na wenzake kibao, msimamizi anatoka, ananyoosha kidole, wewe, wewe, na wewe mwenye fulana nyekundu, ingieni, wengine njooni kesho. (Sauti: "Ndivyo ilivyo, na ndiko tunakokula!") Ndivyo ilivyo, na ndiyo aibu yenyewe! Mnachambuliwa kama nyanya! Upembuzi yakinifu uko wapi hapo? Wadau wameshirikishwa lini? Mtu anapata kazi asubuhi, jioni anarudi na hela ya unga, ukimuuliza ameipata kazi hiyo kwa mkakati gani, anakodoa macho! Hatuwezi kujenga taifa la watu wanaokula bila mkakati. (Makofi ya mstari wa mbele. Mama mmoja nyuma anaguna.)

Kwa kutambua janga hilo, Kamati yangu haikulala, isipokuwa pale ambapo hoteli ilitulazimu. Tulikwenda Bagamoyo kufanya utafiti wa kina wa soko la ajira la Temeke. Najua kuna wanaonong'ona kwa nini utafiti wa Temeke ufanyikie Bagamoyo. Jibu ni la kitaalamu: mtafiti akikaa karibu sana na tatizo, tatizo linaweza kumzoea. Tukiwa kule, kwa utulivu, huku upepo ukivuma na samaki akikaangwa, tulibaini kwamba asilimia tisini na nne ya vijana wa Bomba Mbili wanatafuta kazi, na asilimia sita zilizobaki hazikujibu maswali yetu kwa sababu zilikuwa kazini. Tulibaini vilevile kwamba sababu kubwa ya vijana kukosa kazi ni ukosefu wa kazi. Matokeo hayo yalitushtua, ikabidi tuongeze siku za kukaa.

Baada ya hapo likaja swali gumu, swali lililowatoa jasho wataalamu wetu: ni nani hasa anastahili kuitwa mtafuta kazi? Maana mjini kila mtu anasema anatafuta. Muuza maji anatafuta, mpiga debe anatafuta, fundi wa Keko mwenye randa mkononi naye ukimuuliza anasema natafuta tu, braza. Tukasema hapana, hii ni holela. Kamati ikapitisha kwa kauli moja kwamba Mtafuta Kazi Halisi ni mkazi asiye na kazi ya aina yoyote ile: asiwe na kibarua, asiwe na genge la nyanya, asiwe hata na ndoo ya kukodisha. Mwenye kibarua akitaka kuingia kwenye mradi akiache kwanza, kwa sababu mtu hawezi kutafuta kitu alichokishika. Na ili kuziba mianya ya udanganyifu, Bibi Yuliana alipita nyumba kwa nyumba asubuhi jua limeshapanda. Aliyekutwa nyumbani, amelala au anachezea simu, huyo alithibitika hana kazi, akapewa beji hii mnayoiona, ya kijani, yenye picha yangu. Ambaye hakukutwa, tulijua ana mishemishe zake, tukamkata.

(Jamali, kijana wa mstari wa nyuma, anapaza sauti: "Mheshimiwa, mie sikukutwa kwa sababu nilitoka kwenda kutafuta kazi!" Kicheko kikubwa.)

Ndiyo hayo sasa! Kijana, ulikuwa unatafutaje kazi wakati mradi wa kutafuta kazi haujazinduliwa? Uliitafuta kwa idhini ya nani? Hao ndio wanaotuvurugia takwimu. Subiri awamu ijayo, na tafadhali siku hiyo ulale.

Ndugu wananchi, matokeo ya utaratibu huo ni makubwa kuliko hata sisi tulivyotarajia. Kabla ya mradi, wasio na kazi kabisa katika mtaa huu walikuwa theluthi moja tu ya vijana. Leo hii ninavyozungumza, baada ya hamasa niliyoifanya mimi mwenyewe kwa kipaza sauti, wengi mmeacha vibarua vyenu kwa hiari na kujiunga, na wasio na kazi mmepanda hadi kufikia theluthi mbili! (Makofi ya mstari wa mbele, yanayokatika katikati.) Pigeni makofi, msiogope! Nimeshiriki miradi mingi maishani, lakini sijapata kuona mradi unaozalisha walengwa wake kwa kasi namna hii. Wataalamu wanaita impakti.

Sasa nije kwenye stadi zenyewe, maana sikuja kupiga porojo. Stadi ya kwanza ni sivii. Sivii ya mtafuta kazi halisi iwe na kurasa zisizopungua nane, karatasi nzito, picha ya rangi, na uzoefu wa miaka mitano. Asiye na uzoefu aupate kwanza ndipo aombe kazi, na namna ya kuupata uzoefu bila kazi tutaijadili katika semina elekezi ambayo mwezeshaji wake bado anatafutwa, kwa sababu aliyekuwepo amepata kazi. (Kicheko.) Mimi binafsi, nisiwafiche, sijawahi kuandika sivii, kazi zangu zote niliitwa tu nikapewa, lakini refa hahitaji kufunga magoli.

Stadi ya pili ni intavyu. Hapa ndipo vijana wetu wanapoanguka. Ingia kwa heshima, toa shikamoo, usikae mpaka uambiwe, na ukiulizwa udhaifu wako ni upi, jibu kwamba unapenda kazi kupita kiasi. Tulifanya intavyu ya majaribio hapa, mama mmoja wa chapati akaulizwa udhaifu wake, akasema magoti. Tukamwangusha. Kazi ya chapati tunajua anaiweza, lakini majibu kama yale yatatutia aibu kimataifa.

Na stadi ya tatu, kubwa kuliko zote, ni kuachana na tabia ya kujuana. Nasema hili kwa uchungu. Kuna watu katika nchi hii wanadhani kazi inapatikana kwa mjomba na shangazi. Kamati yangu inalaani tabia hiyo, Makamu Mwenyekiti ambaye ni shemeji yangu analaani, na Katibu, mke wa mdogo wangu, ameandika laana hiyo kwenye mihtasari yote. Tunataka kila kijana wa Bomba Mbili aingie kazini kwa jasho lake, kwa sifa zake, kwa...

("Shikamoo, mheshimiwa." Aliyesimama mstari wa tatu ni Anjelina, binti aliyekuwa akifunga maboksi kwenye kiwanda cha sabuni Chang'ombe hadi alipoacha ili apate beji. Ameshika mkoba kwa mikono miwili.)

Marahaba, binti. Maswali yametengewa muda wake baada ya chakula, na chakula chenyewe ni cha meza kuu, lakini mimi ni kiongozi msikivu. Sema, kwa ufupi, na ukianza na pongezi itapendeza.

("Hongera, baba. Mie sina maneno mengi. Nilikuwa na kibarua changu cha uhakika pale kiwandani. Getini nilikuwa sisimamagi tena, msimamizi ananijua, nikifika naingia. Mkapita na spika mkasema tuache, Jumatatu mtatupeleka maofisini, kazi za mshahara. Nikaacha. Mwanangu yuko Chanika kwa mama, nimeshamwambia mama kwamba nikipata hiyo kazi namchukua, nikae na mwanangu. Sasa msimamizi aliniambia nafasi yangu anaishikilia mpaka leo jioni, basi. Naomba tu kujua, hiyo kazi ya Jumatatu ipo? Kama haipo unisamehe, baba yangu, niondoke saa hii hii nikaiwahi ile. Naogopa." Mama aliyeguna mwanzo anasema, "Mjibu mtoto wa watu.")

Swali zuri. Swali zuri sana. Swali la kimkakati, naomba tumpigie makofi. (Hakuna anayepiga.) Binti yangu Anjelina, nitalijibu swali lako kwa mapana na marefu. Kwanza, tulisema Jumatatu, ni kweli, na Jumatatu zipo nyingi. Mtu binafsi ndiye anayekimbilia Jumatatu ya karibu, mpango mkakati unaangalia Jumatatu zote. Pili, umesema kazi. Hapa ndipo elimu inapohitajika. Mradi huu haukusudii kukupa kazi, unakusudia kukujengea uwezo wa kuitafuta, kile ambacho wenzetu wanakiita kepasiti bildingi. Nikikupa kazi leo, kesho utatafuta nini? Nitakuwa nimekuua kitaaluma!

("Kwa hiyo haipo?" anauliza Anjelina.)

Sijasema haipo! Mmenisikia nikisema haipo? Nimesema iko kwenye mchakato. Binti, wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, na wewe unataka kurudi kula mbichi kwenye maboksi ya sabuni! Ukirudi leo kiwandani takwimu zangu zinashuka mbele ya waandishi wa habari, utakuwa umeuangusha mtaa, umemwangusha na huyo mwanao anayekutazama kama mfano. Nakuhakikishia, mimi Projestus Kamugisha, kwa cheo changu na kwa mvi hizi: kaa chini, usiondoke, hutajuta. Mkubwa akikuahidi mbele ya watu unataka nini tena?

(Anjelina anatazama barabarani, anamtazama Mwenyekiti, kisha anakaa pembeni kabisa ya benchi, mkoba mapajani. Jamali anamwambia kutoka nyuma: "Sista, nenda bwana, huyu anakupotezea muda." Anjelina anatikisa kichwa: "Ni mtu mzima, Jamali. Hawezi kunidanganya mbele ya watu wote hawa.")

Huyo ndiye kijana tunayemtaka! Msikivu! Sasa nieleze tunakoelekea. Awamu ya kwanza ya mradi ilikuwa kuunda Kamati, imekamilika kwa asilimia mia moja na ziada. Awamu ya pili ilikuwa fulana, imekamilika, ila saizi zilizokuja ni za watoto, na kamati ndogo ya fulana inaondoka kesho kwenda Zanzibar kujifunza wenzetu wanapimaje. Awamu ya tatu ni uzinduzi, ndio huu. Awamu ya nne ni vijana kupata kazi, na hii itategemea fulana zilizobaki. Mbele ya safari, kila Mtafuta Kazi Halisi atakuwa na dawati lake la kutafutia kazi, kompyuta, feni, mshauri nasaha na chai ya saa nne. Bomba Mbili itakuwa kitovu cha utafutaji kazi Afrika Mashariki nzima. Watu watapanda basi kutoka Nairobi, kutoka Bujumbura, waje kutafuta kazi hapa, waikose kwa utaratibu! (Mstari wa mbele: "Hoyee!")

Na wale wabezaji, wanaopita vijiweni wakisema huu mradi ni wa kupigia picha, nawauliza: ninyi mmezindua nini? Mchawi mpeni mwana alee, mimi mmenipa vijana, nimewalea mpaka wameacha kazi. Simameni sasa tupige kaulimbiu za mradi wetu, kwa sauti, kamera ziko tayari. Mpango kwanza! ("Kazi baadaye!" wanajibu wa mstari wa mbele, waliofundishwa jana.) Kamati hoyee! ("Hoyee...") Kutafuta kazi! ("Ni kazi!") Beji juu! (Beji za kijani zinainuliwa. Kamera zinapiga.) Mshikilie hivyo hivyo, mtabasamu, yule mama usikunje uso. Safi. Kaeni.

Mwisho kabisa, kwa kuwa mtovu wa shukrani ni mtovu wa adabu, naomba niwashukuru waliofanikisha siku hii. Namshukuru mwenye ukumbi huu ulio nyuma yangu, aliyetuazima jengo lake hadi saa kumi. Jioni kuna sherehe ya sendofu ya binti wa watu mle ndani, kwa hiyo lile bango la Kituo cha Watafuta Kazi Halisi mnaloliona juu ya mlango vijana watatusaidia kulishusha, taratibu, limechorwa kwa nyuma tangazo la nyama ya kitimoto na mwenyewe analihitaji. (Minong'ono.) Namshukuru Fundi Polikarpo wa Keko kwa madawati na makabati ya maonyesho, naona gari lake la kubebea limeshafika, kwa hiyo walioegemea wasimame, vanishi haijakauka na yana wateja wake. Nawashukuru wapiga picha, kwa sababu picha hizi ndizo tutakazoambatanisha kwenye andiko la kuwaomba wafadhili watufikirie kuanzisha mradi. (Sauti: "Kuanzisha? Si umezindua sasa hivi?") Tumezindua, kuanzisha ni hatua nyingine, msichanganye mambo. Wafadhili wakikubali mtajulishwa, wakikataa mtakuwa mmepata uzoefu, na uzoefu mwandike kwenye sivii.

Lakini isisemwe kwamba juhudi hizi hazijazaa ajira. Zimezaa! Vijana wetu walipoacha vibarua kwa wito wangu, nafasi ziliachwa wazi viwandani na kwenye maduka, na Kamati haikukubali nafasi zipotee bure. Zote zimejazwa. Kwa namna ya pekee namshukuru msimamizi wa kile kiwanda cha sabuni cha Chang'ombe, ambaye mwanzoni alisita, akasema ameahidi kumshikia binti mmoja nafasi hadi leo jioni. Nikampigia simu mimi mwenyewe, nikamhakikishia kwamba binti harudi tena, tumemtafutia makubwa. Akanielewa. Mpwa wangu Praygod ameanza pale leo asubuhi. Hajawahi kutafuta kazi hata siku moja, lakini ni mtoto mzuri, namwombea aidumu.

(Kelele. Viti vinaanguka. Anjelina amesimama na anasukuma watu kuelekea barabarani, mkoba umefunguka na kanga inaburuta.)

Taratibu jamani, nidhamu, kamera bado zinarekodi! Ahsanteni kwa kunisikiliza, Mungu awabariki, wa mbele mkae chakula kinakuja. Na wewe binti Anjelina, rudi, unakimbia nini na jua hili? Si nimeshasema nafasi imejazwa? Kaa upumzike, mama. Hakuna cha kuwahi tena.